Jioni Niliyoinuka Mezani

Mwaka wa tatu sasa naamka asubuhi na shuka langu ni kavu. Hata hivyo, kabla sijafumbua macho vizuri, mkono wangu hutangulia kupapasa godoro. Nikikuta pakavu namshukuru Mungu, ndipo nainuka. Nayaandika haya kwa ajili ya mwanamke ambaye asubuhi ya leo amepapasa akakuta pamelowa, akatoka kimyakimya kwenda kufua kabla watu wa nyumbani hawajaamka. Mimi nilifua hivyo masika mawili na zaidi. Nataka nikueleze ilivyokuwa, pamoja na jambo moja nililomfanyia mtu aliyekuwa mgonjwa kama mimi. Hilo la pili ndilo limenichelewesha kuandika.

Jina langu ni Mwantumu, kwetu Mlingotini. Kabla ya kuugua nilikuwa nalima mwani na wanawake wenzangu, na nilikuwa nimeolewa na Shabani, fundi seremala, mtu wa maneno machache. Mimba yangu ya kwanza ilifika miezi tisa bila shida yoyote. Uchungu ulinianza Alhamisi alfajiri, mvua kubwa inanyesha, na Ijumaa magharibi mtoto alikuwa bado. Mkunga wa mtaani akasema tuvute subira. Mama mkwe akasema wanawake wa nyumba yao wote huchelewa. Nilipofikishwa hospitali nilipasuliwa, akatolewa mtoto wa kiume ambaye alikuwa ameshafariki. Sikumwona. Walimzika wakati mimi bado nina usingizi wa dawa.

Siku ya tano, ningali kitandani, nilihisi maji ya moto yananiteremka mapajani. Nikadhani ni damu. Nesi akainua shuka, akatazama, akalirudisha taratibu, akaenda kumwita daktari. Hapo ndipo nilipolisikia neno fistula kwa mara ya kwanza. Namna inavyotokea watakueleza hospitali, na wataeleza vizuri kuliko mimi. Mimi nitakueleza inavyoishi na mtu.

Mkojo unakutoka muda wote. Umekaa unatoka, umelala unatoka, unaongea na mgeni unatoka. Nilichana khanga zangu zote za zamani nikafanya vitambaa, na nikashona mfuko wa nailoni wa kukalia. Mapaja yalichubuka hadi kutembea nikawa natanua miguu kama mtoto aliyetoka jandoni. Nilifukiza nguo zangu udi, lakini udi na mkojo vikichanganyika vinatoa harufu ya tatu ambayo ni mbaya kuliko mkojo wenyewe, nikaacha. Msibani nikawa nakaa nje kabisa. Harusini sikwenda.

Mahali pamoja tu ndipo nilipopumua, napo ni baharini. Maji yakipwa tulikuwa tunaingia kufunga mwani kwenye kamba, na mule ndani kila mwanamke amelowa kuanzia kiunoni. Hakuna anayemtazama mwenzake. Chumvi ilikuwa inaniunguza vidonda hadi machozi yananilengalenga, lakini nilikuwa wa kwanza kuingia na wa mwisho kutoka.

Shabani hakunipa talaka. Mwezi wa tatu tangu nijifungue alihamia chumba cha mbele, akasema ni kwa sababu ya joto. Hatukulizungumza. Lakini kila jioni nilikuta ndoo mbili za maji zimewekwa nyuma ya nyumba, mahali ninapofulia, na najua ni yeye aliyekuwa anazileta maana mama yake alikuwa ameshanitengea sahani yangu na kikombe changu. Nilikuwa nalia nikiziona zile ndoo. Sijui hadi leo nilikuwa nalia kwa furaha au kwa hasira.

Swala niliiacha. Nilijiona sina twahara, na mtu asiye na twahara atasimama vipi mbele ya Mola wake? Miezi ikapita. Siku moja mwalimu wa kike anayefundisha akina mama Kaole alinikuta nimekaa peke yangu wakati wenzangu wanaswali, akaniuliza. Nikamweleza, mara ya kwanza kumweleza mtu asiye wa hospitali. Akaniambia mimi ni mtu mwenye udhuru: kila wakati wa swala ukiingia nijisafishe, nifunge kitambaa kingine, nitie udhu na niswali, na kinachotoka baada ya hapo kisinishughulishe. Niliswali Adhuhuri siku ile kwa mara ya kwanza tangu nijifungue. Kama na wewe umeacha kwa sababu hiyo, nenda ukamuulize mwalimu wa kwenu, usikae na dukuduku.

Upasuaji wangu wa kwanza ulifanyika Dar es Salaam, wakati wa kiangazi. Madaktari wa kazi hiyo hawakuwa wengi, walikuja kwa vipindi, na tulisubiri kwenye mabenchi siku mbili ndipo tukapata vitanda. Kitanda cha pili yangu alilala binti wa Kerege aitwaye Zaituni. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mimi ishirini na tisa. Naye alipoteza mtoto, wa kike. Alikuwa mwembamba, mwenye mwanya, na alikuwa anacheka. Sikuwa nimemwona mwanamke wa ugonjwa ule anayecheka. Alimpa jina kila nesi, na mpira wetu wa mkojo, ule wanaokufunga baada ya upasuaji, akauita mchumba, kwa sababu huwezi kwenda popote bila yeye.

Tulikaa na mipira yetu wiki mbili na siku kadhaa. Wangu ulipotolewa nilikaa mkavu siku mbili, ya tatu nikalowa. Zaituni alilowa siku hiyohiyo, akiwa anatembea koridoni. Alirudi kitandani akajilaza akitazama ukuta, mimi nikajilaza nikiutazama ukuta wa upande wangu. Nikasikia anasema, "Tumefeli wote, dada. Angalau tulikuwa darasa moja."

Tangu hapo tukawa kama ndugu. Tulipigiana simu kila siku. Tulipoitwa tena, wakati wa baridi, Zaituni alikutwa na upungufu wa damu, akaambiwa asubiri kipindi kinachofuata. Mimi nikapasuliwa. Safari hii mpira ulipotolewa nilikaa mkavu siku moja, siku tatu, wiki. Nilikuwa nahesabu. Nilirudi Mlingotini nikiwa mkavu, na bado naogopa kukohoa.

Siku ya ishirini na moja ya ukavu wangu ilikuwa Ijumaa, na ndiyo siku mume wa Zaituni alipooa mke wa pili. Ndoa ilifungwa baada ya swala ya Alasiri hukohuko Kerege, nyumba chache tu kutoka kwa wazazi wake Zaituni, alikokuwa anakaa. Alinipigia mchana akasema maspika yameshafungwa na muziki umeanza. Akasema, "Dada, nikibaki hapa sijui nitafanya nini." Namna alivyolitamka hilo sikuipenda. Nikamwambia aje Bagamoyo mjini, nitamngoja, tutakula vizuri, kisha twende kwangu hadi Jumatatu. Jumatatu ndiyo ilikuwa siku yake ya kuripoti hospitali. Tungekwenda pamoja.

Nilichagua mahali pa kula kwa makusudi. Nyuma ya soko kulikuwa na mgahawa wa uani, chini ya paa la mabati, uliojulikana kwa kuku wa kitunguu saumu. Mpishi alikuwa anatwanga saumu kinuni, anamlaza kuku humo usiku kucha, anamchoma, halafu anamwagia juu saumu nyingine iliyokaangwa kwenye karai hadi ikawa rangi ya asali. Ile harufu ilikuwa inakupokea ukiwa bado barabarani, na vidole vilinuka hadi kesho yake. Nikasema pale ndani hakuna harufu nyingine itakayosikika. Tukaketi meza ya mwisho, karibu na karai.

Zaituni alikaa juu ya nailoni yake aliyoikunja mara nne na kuifunika na khanga. Alitazama jiko, akanitazama mimi. "Umenileta hapa kwa sababu ya saumu," akasema. Nikakataa, nikasema ni kwa sababu ya kuku. Akatabasamu kidogo, akaniachia.

Midomo yake ilikuwa imepasuka. Nilimuuliza kama amekunywa maji, akasema tangu jana usiku hajanywa kitu. Ndivyo alivyokuwa anafanya akitaka kutoka nyumbani. Wengi wetu tulifanya hivyo. Kumbuka hili, nitalirudia: usifanye.

Mwanzoni hakugusa chakula. Simu yake ilikuwa inatetema mezani kila mara. Wifi yake alikuwa anaweka picha za harusi, na Zaituni alikuwa anazifungua moja baada ya nyingine. Nikaichukua ile simu nikaitia kwenye pochi langu. Hakunizuia. Akaanza kunieleza kwamba usiku uliopita mumewe alikwenda kumuaga, akakaa mlangoni, akasema hamwachi, yeye bado ni mke wake.

"Nikamuuliza, basi utakuwa unakuja kulala?" alisema Zaituni. "Akaniambia, ukipona."

Alikata kipande cha kuku, akala. Halafu akala kingine. Ghafla akawa anakula kama mtu aliyetoka kufunga, anachovya mkate wa kumimina kwenye mafuta ya saumu, analamba vidole, pilipili inamtoa machozi na machozi yenyewe yanapata kisingizio. Akaomba maji. Nilifurahi kumwona anakunywa. Alimaliza chupa, akaagiza nyingine, akaimaliza nusu.

Kisha akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, Jumatatu anakwenda hospitali kwa ajili ya nani. Nikamjibu kwamba ni kwa ajili yake mwenyewe. Akasema yeye mwenyewe ameshachoka, kisu kile anakijua, na hana wa kumwonyesha hata akipona. Nilijaribu kumwambia mengi. Nilimtajia mama yake, nikamtajia umri wake. Alikuwa anatikisa kichwa tu. Mwisho nikaushika mkono wake uliojaa mafuta nikasema, "Basi nenda kwa ajili yangu. Usiponisindikiza nitakuwa nimepona peke yangu."

 Akasema, "Kwa ajili yako nitakwenda."

Nataka ujue kwamba nilimwambia maneno hayo kwa moyo wangu wote, na kwamba haikupita nusu saa.

Magharibi iliadhiniwa. Mpishi akateremsha karai, akafunika makaa, akaenda kuswali. Ule moshi wa saumu uliokuwa umetufunika ukaanza kupungua, hewa ya uani ikatulia, na mimi niliisikia ile harufu kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa kuwa naijua. Nikamwangalia Zaituni. Alikuwa ameinamisha uso, viganja vyake viko chini ya mapaja, vimeshika kiti. Maji yale yote aliyokunywa yalikuwa yamempita. Nailoni ilikuwa imejaa, na chini ya kiti chake cha plastiki kulikuwa na dimbwi linaloelekea upande wa meza ya pili.

Meza ya pili walikaa akina mama watatu na mwanamume mmoja, watu wazima, wamevaa vizuri. Mmoja wa akina mama alivuta pumzi, akavuta tena, akamnong'oneza mwenzake. Yule mwenzake akamwita mhudumu akamuuliza kama choo kimeharibika. Mhudumu, msichana mwenye aproni, akazunguka akitazama chini, akafika kwetu akasimama.

"Samahani, dada zangu," aliuliza. "Mmekuja na mtoto?"

Nikainuka.

Hakuna aliyeniambia niinuke. Niliinuka, nikalikung'uta baibui langu upande wa nyuma kwa kiganja kama mtu anayetoa makombo, na nikageuka kumtazama mhudumu, mgongo wangu ukawa upande wa ile meza. Waliona wote kwamba nguo yangu ni kavu.  Miezi yote ile nilikuwa naota siku ambayo watu watatafuta harufu inatoka wapi na mimi nitaweza kuinuka, na siku hiyo ilipokuja, mwili wangu uliinuka wenyewe. Aliyebaki kwenye kiti alikuwa Zaituni, na macho yote yakahamia kwake.

Alinyanyua uso, akanitazama mimi kwanza. Halafu akamgeukia yule msichana.

"Ni mimi," alisema. "Ni ugonjwa. Naomba ndoo na tambara."

Msichana akasema aache, atafanya yeye. Zaituni akakataa. Akainuka, na nyuma ya gauni lake kila mtu akaona. Akaifunga khanga kiunoni, akapokea ndoo, akapiga magoti, akafuta kiti, akafuta miguu ya kiti, akafuta sakafu. Yule mama wa meza ya pili alikuwa amejiziba pua kwa mtandio, kisha nadhani aliona haya, akauteremsha. Mwanamume alitazama simu yake. Mimi nilikuwa nimesimama palepale, vidole vyangu vimejaa mafuta ya saumu, na sikuinama kumsaidia. Akakamua tambara, akalitundika kwenye ukingo wa ndoo, akatoka.

Nililipa haraka nikamfuata. Nilimkuta nje, ameegemea ukuta wa soko, khanga imelowa. Nikaanza kusema sijui nini, nilijitetea, nilisema nilistuka, nilisema nilitaka kumwita msichana pembeni. Alinisubiri nimalize.

"Uliinuka, dada," alisema.

Nikasema, "Niliinuka."

"Mume wangu kaoa leo, nikajiambia, sawa, nina Mwantumu." Alinyoosha mkono. "Nipe simu yangu."

Nikampa. Nikamsihi twende kwangu kama tulivyopanga, akasema hapana. Akasimamisha bodaboda, akamweleza dereva wazi kwamba nguo yake imelowa na kama ana mfuko atandike. Yule kijana akatandika koti lake la mvua. Wakaondoka kurudi Kerege, kwenye maspika.

Sikulala siku tatu. Jumatatu nilikwenda Dar es Salaam peke yangu, nikakaa kwenye lile benchi la zamani tangu asubuhi, nikimsubiri. Kila mlango ulipofunguliwa niliinua kichwa. Nesi aliyetujua alitoka mara mbili kuuliza mwenzangu yuko wapi, nikasema yuko njiani. Simu yake ilikuwa imezimwa. Saa nane mchana kitanda chake akapewa mama mwingine aliyetoka bara na mdogo wake. Nilirudi nyumbani. Nilikuwa mkavu kabisa, na nilitamani nilowe.

Nilikwenda Kerege mara tatu. Baba yake alikuwa na shamba la mananasi na nyumba ilikuwa kando ya shamba. Mama yake alinipokea vizuri, akanipa chai, akanieleza kwamba Zaituni amelala. Mara ya pili amelala. Mara ya tatu niliona pazia la chumba chake likitikisika, nikamwamkia kwa nje, hakuitika. Mama yake alinisindikiza hadi barabarani akaniuliza kama tumegombana. Nikamwambia nimemkosea. Hakuniuliza nini.

Nyumbani nako hakukuwa na raha. Shabani alikuwa ameanza kukaa kitandani kwangu jioni tukizungumza, na siku moja akaniuliza kwa nini nimepona halafu sina furaha.  Ningemwambiaje kwamba nilifanya kwa rafiki yangu kile ambacho mama yake alinifanyia mimi kwa sahani na kikombe?

Mvua za vuli zilipoanza, mama yake Zaituni alinipigia simu. Mwanawe ana homa siku ya nne, anatetemeka, mkojo unatoka na damu, na bado hataki maji. Nilifika nikamkuta hajui nani ameingia. Tulimpeleka hospitali. Wakasema maambukizi yamefika kwenye figo, amejikausha mno. Mama yake alikuwa mtu mzima mwenye miguu ya kuvimba, nikamwambia akapumzike, mimi nitabaki.

Nilikaa naye siku tisa. Nilimlisha uji kwa kijiko, nilimgeuza, nilifua vitambaa vyake kwenye karo la nyuma ya wodi na kuvianika mahali kila mtu anaviona. Wageni wa wagonjwa wengine walikuwa wanasogeza viti. Nilikuwa navuta changu karibu na kitanda. Sisemi hivi ili unisifu. Usiku wa pili niliogopa kwamba atakufa, na kwamba neno lake la mwisho kwangu litabaki kuwa lile la kwenye ukuta wa soko.

Siku ya nne homa ikashuka. Nilikuwa nakamua kitambaa kwenye beseni kando ya kitanda nikasikia sauti yake.

"Unafua nini hapo?"

"Vitambaa vyako."

"Viache."

"Siviachi," nikasema.

 Nikaendelea kufua. Nilidhani amelala tena, lakini alikuwa ananitazama. Akaniuliza, "Siku ile ulikuwa umekauka kweli?"

Nikamwambia nilikuwa nimekauka, siku ya ishirini na moja.

"Inakuwaje?" akauliza.

Nikaweka beseni chini. Nikamweleza kwamba siku za kwanza huamini, unaamka kila saa kupapasa. Nikamweleza vidonda vya mapajani vinavyopona na ngozi inavyokuwa laini tena, na jinsi nilivyokaa kwenye kochi la jirani nikasahau kwamba nimekaa kwenye kochi. Nikamweleza pia kwamba unapata woga mpya, woga wa kurudishwa ulikotoka, na kwamba woga ule ndio ulioniinua pale mgahawani, na kwamba siombi aone ni udhuru. Alinisikiliza hadi mwisho. Hakusema amenisamehe. Alifumba macho, nikadhani mazungumzo yameisha.

"Madaktari wanarudi lini?" akauliza.

Walirudi kiangazi kilichofuata, kwa joto ambalo hata mabenchi yalikuwa yanaunguza. Alifanyiwa upasuaji mrefu kuliko wa kwanza, nikasubiri nje na mama yake tukipokezana tasbihi. Mpira ulikaa wiki tatu. Asubuhi ya kuutoa walimjaza kibofu maji ya bluu kuona kama yatavuja, kisha wakamwambia akakae nje saa nzima, wamwangalie tena. Akaja akaketi kando yangu bila nailoni, bila khanga, na gauni la hospitali tu. Saa ile ilikuwa ndefu.  Ilipotimia, aliinuka mwenyewe, akageuka, akalitazama benchi. Kulikuwa na doa dogo la bluu, la ukubwa wa kucha.

 Zaituni akaliwekea kidole.

"Zamani lingekuwa benchi zima," alisema.

Daktari akasema kidonda bado kinafunga, apewe mpira kwa wiki mbili nyingine. Lile doa halikurudi. Leo Zaituni ni mkavu, ila akicheka sana au akikohoa hupata tone, na yeye huyo anacheka sana, kwa hiyo hutembea na kitambaa. Aliomba talaka mwenyewe, akapewa, na analima mananasi na baba yake. Shabani amerudi chumbani kwangu. Chumba cha mbele sasa kina mbao zake.

Wewe unayefua alfajiri, nakuomba mambo mawili. Kunywa maji, hata kama unajua yatakwenda wapi. Na nenda hospitali uulize, ukifeli mara ya kwanza rudi, maana sisi wote wawili tulifeli. La tatu silo la kwako, ni la wale waliokwisha kukauka: mnapokaa na mwenzenu ambaye bado, kaeni.

Nilipomaliza kuandika nilikwenda Kerege kumsomea Zaituni yote, kwa kuwa sikutaka kutoa neno lake bila idhini. Alikuwa anamenya nanasi, akasikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza akasema niache vilevile, ila kuna mahali nimekosea, pale nilipoandika kwamba alifuta kiti chake na sakafu.

"Nilifuta na cha kwako," alisema. "Ili tukishaondoka wasijue ni kipi kilicholowa. Wewe hukuona, ulikuwa unatazama mlango."